Mtoto Akienda Kusoma Ng'ambo, Abebe na Habari za Afya Yake

Mara nyingi mimi huzungumza nanyi kuhusu mtoto wa kubebwa mgongoni. Leo tumzungumzie yule aliyekwisha kutuzidi kimo: mtoto wa chuo kikuu aliyepata nafasi ya kwenda kusoma nchi za nje kwa muhula mmoja au miwili.

Siku hizi vyuo vyetu hubadilishana wanafunzi na vyuo vya nje, kwa mipango kama ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+. Mwanafunzi hubaki kuwa wa chuo chake hapa Kenya. Huenda huko, akasoma, kisha akarudi kumaliza shahada yake nyumbani. Habari hiyo ikifika, nyumba nzima hushughulika: pasipoti, viza, nauli, koti la baridi. Afya hukumbukwa mwisho, pengine wiki moja tu kabla ya safari.

Mama mmoja anayeishi karibu na Ziwa Victoria alikuja kituoni kwetu na binti yake. Binti alikuwa amechaguliwa kwenda Ujerumani, na alikuwa na fomu ya afya ya kujaza. Fomu iliuliza: Ulichanjwa nini, na lini? Umewahi kulazwa? Kuna dawa inayokudhuru? Binti akaandika "hakuna" kila mahali. Nilipoisoma kwa sauti, mama akasimama kwenye benchi. "Hakuna vipi? Ulipokuwa na miaka 3 ulipewa Septrin, ukavimba uso na midomo hata tukakukimbiza hospitali usiku!" Binti alishangaa. Hakuwahi kuambiwa.

Akina mama, hapo ndipo penye jambo letu la leo. Historia ya afya ya mtoto imo kichwani mwako wewe uliyemlea. Akiwa nyumbani, wewe ndiwe unayemjibia daktari. Akiwa ng'ambo, amelala hospitalini peke yake, nani atamjibia? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.

Kwa hivyo, miezi 3 kabla ya safari, keti na mwanao mkaandike karatasi moja. Andikeni magonjwa makubwa aliyougua, upasuaji aliofanyiwa, dawa au chakula kinachomdhuru, dawa anazotumia sasa, na magonjwa ya ukoo kama kisukari na shinikizo la damu. Kama ana pumu au selimundu, hilo liwe juu kabisa. Kisha mwende kituo cha afya, daktari aiandike kwa Kiingereza, atie sahihi na muhuri. Nakala moja ibaki kwako, nyingine abebe, na picha yake iwe kwenye simu.

Jambo la pili ni chanjo. Tafuta kadi ya kliniki. Yule mama wa ziwani, kadi yake ililiwa na mchwa. Kama nawe huna, uliza kituo ulikomchanjia, huenda bado wana rejista. Kama haipatikani, tafadhali msimwombe muuguzi abuni tarehe. Mtoto hupewa chanjo upya, na kwa kawaida kuirudia hakumdhuru.

Hata aliyemaliza chanjo zote za utotoni huenda akapungukiwa. Vyuo vingi vya Marekani hutaka chanjo mbili za surua, matumbwitumbwi na rubela. Chanjo ya rubela iliingia katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2016, na ya matumbwitumbwi haimo katika ratiba hiyo. Maana yake, kijana wako huenda hakuzipata. Sindano hizo mbili huachana kwa muda usiopungua wiki 4, kwa hivyo huwezi kungoja dakika ya mwisho. Vyuo vingi pia huomba chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa sababu wanafunzi hulala wengi pamoja bwenini na ugonjwa huo huenea upesi.

Nchi nyingine, kama India na Afrika Kusini, hutaka cheti cha homa ya manjano kwa msafiri anayetoka Kenya. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutumika maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Tatu ni kifua kikuu. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 akitokea Kenya hupigwa picha ya kifua kabla ya kuomba viza. Marekani, chuo huenda kikampima kwa sindano ndogo ya ngozi. Mkono ukivimba, msiogope mara moja. Chanjo ya BCG, ile iliyomwachia alama mkononi, inaweza kuufanya mkono uvimbe ingawa hana ugonjwa. Aseme alichanjwa BCG, na aombe kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na chanjo hiyo.

Nne ni dawa. Mwenye pumu, kifafa, kisukari au selimundu abebe dawa za kutosha hadi atakapomwona daktari wa huko. Zikae katika pakiti zake zenye jina lake, pamoja na barua ya daktari, ndani ya mkoba anaoingia nao kwenye ndege. Mzigo mkubwa unaweza kupotea. Asibebe dawa za maumivu au za kikohozi ovyo. Dawa zenye kodeini, na hata tramadol, zinaweza kumtia matatani katika nchi kama Falme za Kiarabu. Mwenye selimundu ajue kwamba baridi na kukosa maji mwilini huweza kuamsha maumivu. Avae nguo za joto na anywe maji, hata kama hasikii kiu.

Nazungumza pia na mzazi au mlezi wa kijana aliyezaliwa na virusi vya Ukimwi na anatumia ARV. Safari haijafungwa kwake. Amwambie mhudumu wa kliniki yake mapema, apewe dawa za miezi kadhaa na barua ya kumpeleka kliniki ya huko. Nchi chache bado zina masharti kwa wenye virusi, kwa hivyo aulize kabla ya kukubali nafasi. Siri hiyo ni yake. Tusiwaambie majirani kwa furaha ya safari.

Tano ni bima. Msidhani bima ya nyumbani itamlipia hospitali ya huko. Ujerumani, mwanafunzi hawezi kuandikishwa chuoni bila bima ya afya. Nchi nyingine humwachia ajinunulie. Kabla ya kulipa, ulizeni: Je, inalipia ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani? Je, inalipia kulazwa?

Sasa nirudi kwa binti yetu. Wiki ya 2 tangu afike Ujerumani, alishikwa na homa, baridi na maumivu ya viungo. Akadhani ni hali ya hewa, akameza paracetamol siku 2. Mama alipompigia simu, alimwuliza, "Umepima malaria?" Binti akajibu, "Huku hakuna mbu wa malaria, mama." Mama akamwambia, "Mbu aliyekuuma ni wa hapa nyumbani. Nenda sasa hivi, na uwaambie unatoka wapi." Alikwenda na karatasi yake. Walimpima, wakaikuta malaria, wakamlaza na kumtibu. Na kwa kuwa karatasi ilisema kuhusu Septrin, walijua dawa ya kuepuka.

Malaria kali kwa kawaida huonekana kati ya siku 7 na mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingine baadaye. Daktari wa Ulaya anaweza kudhani ni mafua ya kawaida. Kwa hivyo mfundishe mwanao sentensi hii: "Nimetoka Kenya hivi karibuni, naomba nipimwe malaria." Na atakaporudi, alale ndani ya neti tangu usiku wa kwanza. Kadiri anavyokaa mbali ndivyo kinga aliyojengewa na kukulia hapa inavyopungua. Malaria ya baada ya safari inaweza kumwangusha vibaya kuliko nduguze.

La mwisho ni moyo. Majira ya baridi huko, giza huingia alasiri, na mtoto aliyezoea nyumba yenye watu hujikuta peke yake chumbani. Akiacha kula, asilale, asiende darasani, au asipokee simu, usimwambie tu ajikaze. Mwambie amwone mshauri wa wanafunzi chuoni. Akizungumza kuhusu kujidhuru, hilo ni la dharura. Apige 112 Ulaya, 999 Uingereza, au 911 Marekani, nawe upige simu chuoni kwake papo hapo.

Wazazi na walezi wenzangu, huwezi kupanda ndege na mwanao. Lakini unaloijua kuhusu mwili wake linaweza kwenda naye, kwenye karatasi moja tu. Msiandike jioni ya kuagana. Andikeni leo.

 

KUMBUKA
Miezi 3 kabla: andikeni historia ya afya, tafuteni kadi, anzeni chanjo.
Mwezi 1 kabla: barua ya daktari, dawa, bima.
Siku ya safari: dawa na karatasi mkobani, namba za dharura kwenye simu.
Homa baada ya kufika au kurudi: apimwe malaria siku hiyo hiyo.