Barakoa ya gesi inapopitisha gesi: kosa liko wapi?

Soma swali hili, kisha funga kitabu kwa dakika mbili ufikirie kabla ya kuendelea.

Fundi wa kiwanda cha barafu amevaa barakoa ya gesi inayofunika uso mzima ili akazibe bomba la amonia linalovuja. Baada ya muda mfupi ananusa amonia ndani ya barakoa. (a) Taja njia tatu ambazo gesi ingeweza kupita. (b) Fundi angejuaje ni ipi kati ya hizo?

Wanafunzi wangu wengi huandika "kichujio kimekwisha" na kuhamia swali linalofuata. Hawajakosea, ila wamejibu theluthi moja ya sehemu (a), na sehemu (b) hawajaigusa. Kichujio ndicho kinachoonekana kwa mbele, ndiyo maana kila mtu hukilaumu. Mkaguzi mzuri huanza kwingine: pale mpira unapogusa ngozi.

Kwanza tukijue kifaa. Barakoa ya uso mzima ina mpira au silikoni inayozunguka uso kuanzia kwenye paji hadi chini ya kidevu, kioo cha plastiki ngumu, mikanda ya kichwani, kichujio kimoja au viwili, na vali. Vali ya kuvutia hewa hufunguka unapovuta pumzi na kujifunga unapoitoa. Vali ya kutolea hewa hufanya kinyume chake. Kwa ndani kuna kikombe kidogo kinachofunika pua na mdomo, tutakirudia.

Sasa tumia Fizikia uliyosoma. Ukivuta pumzi, kanieneo ya hewa ndani ya barakoa hushuka kidogo chini ya kanieneo ya hewa ya nje. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoisukuma hewa ya nje iingie. Hewa haichagui njia iliyo safi, hufuata njia yenye ukinzani mdogo. Kichujio kilichoshindiliwa punje za mkaa kina ukinzani. Mwanya kati ya mpira na shavu hauna. Kwa hiyo mwanya mwembamba tu unatosha kuingiza gesi, hata kama kichujio ni kipya kutoka dukani. Ndevu za siku mbili hutosha kuufanya mwanya huo. Vivyo hivyo mkono wa miwani, ukingo wa kofia, au nywele zilizosukwa zikapita chini ya mpira.

Jaribio la kugundua mwanya halihitaji chombo chochote. Vaa barakoa ukiwa kwenye hewa safi. Ziba tundu la kichujio kwa kiganja, vuta pumzi taratibu, kisha ishikilie kwa sekunde 10 hivi. Barakoa ikinyonywa kidogo kuelekea usoni na kubaki hivyo, hakuna hewa inayoingia. Ikilegea, kuna mahali inapenya. Legeza mikanda, ipange upya, kisha kaza ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, ukianza na ya chini. Kosa la kawaida ni kuukaza mkanda mmoja kwa nguvu zote: upande huo unabanwa, wa pili unainuka.

Ukirudia jaribio na barakoa bado inalegea, mtuhumiwa wa pili ni vali ya kutolea hewa. Hapa pana mtego. Mtahiniwa husoma jina "ya kutolea" akadhani haiwezi kuingiza kitu. Inaweza. Vali hiyo ni kisahani chembamba cha mpira. Unywele mmoja, chembe ya mchanga au mate yaliyokaukia pale vikiizuia isijifunge, kila unapovuta pumzi hewa ya nje inaingia kupitia hapo bila kuchujwa. Ioshe. Ikiwa imejikunja au ina ufa, ibadilishwe.

Na kama barakoa imefaulu jaribio la kiganja lakini bado unanusa gesi? Fikiri: wakati wa jaribio uliziba kichujio, kwa hiyo jaribio halikukipima kichujio. Limeondoa watuhumiwa wawili na kumwacha wa tatu. Hilo ndilo jibu la sehemu (b).

Tuingie kwenye Kemia. Ndani ya kichujio kuna mkaa uliotayarishwa mahususi hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya mkaa huo ina uso wa zaidi ya meta za mraba 500, yaani unapita ukubwa wa uwanja wa netiboli. Molekuli za gesi hunata juu ya uso huo. Nafasi zikijaa, gesi inayofuata hupita moja kwa moja. Mvuke wa maji nao hugombea nafasi hizohizo, kwa hiyo kichujio kilichofunguliwa na kuachwa wazi kabatini huendelea kuchakaa ingawa hakuna aliyekivaa.

Amonia hainati vizuri kwenye mkaa mtupu. Huchemka kwenye nyuzi −33 za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la kawaida molekuli zake hazishikiki kirahisi. Watengenezaji huupaka mkaa kemikali zinazoikamata. Kumbuka amonia ni besi, hivyo kitu chenye tabia ya asidi huitega. Salfa dioksidi ni kinyume chake: yenyewe ina tabia ya asidi, basi huhitaji besi. Ndiyo maana hakuna kichujio kimoja cha gesi zote. Katika mfumo wa Ulaya, rangi ya kahawia ni ya mivuke ya kikaboni kama ya thina, kijivu ni ya gesi kama klorini na hidrojeni salfaidi, njano ni ya salfa dioksidi, kijani ni ya amonia, na nyeupe ni ya vumbi. Marekani wana mpangilio wao wa rangi, hivyo soma na maandishi. Fundi wetu akivaa kichujio kipya chenye rangi ya kahawia atanusa amonia mapema sana. Hakikuisha, hakikuwa chake.

Pua, hata hivyo, si kipimo cha kutegemea daima. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, huchemka kwenye nyuzi −191, na mkaa hauizuii. Huhitaji kichujio maalumu chenye mchanganyiko wa manganizi dioksidi na oksidi ya shaba, ambao ni kichocheo cha mmenyuko huu:

2CO + O₂ → 2CO₂

Unyevu huharibu kichocheo hicho, kwa hiyo hutanguliwa na tabaka la kukausha hewa. Hidrojeni salfaidi nayo hunuka kama yai viza, lakini ikiwa nyingi huzima uwezo wa pua kunusa. Harufu ikipotea ghafla, usifurahi.

Kuna sentensi moja ninayoikata kwa wino mwekundu kila mwaka: "barakoa humpa mtu oksijeni." Kichujio huondoa, hakiongezi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, na kanuni za usalama kazini za Marekani huhesabu chini ya asilimia 19.5 kuwa pungufu. Ndani ya shimo la maji taka, kisima kirefu au tangi lililofungwa, gesi nyingine huweza kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu akishuka humo na barakoa nzima, iliyofaulu majaribio yote, anaweza kuzimia kabla hajafika chini. Anayemfuata haraka ili amwokoe, naye akiwa na barakoa kama ileile, anaanguka juu yake. Hapo barakoa haina hitilafu yoyote. Kinachotakiwa ni mtungi wa hewa au bomba linaloleta hewa safi kutoka nje.

Hitilafu nyingine ni nyepesi. Kioo kikishika ukungu, ni mvuke wa pumzi yako unaotoneshwa na kioo chenye ubaridi. Kagua kile kikombe cha ndani, huenda hakikukaa vizuri puani au vali zake ndogo zimekosekana. Usivue barakoa kwenye gesi ili ufute kioo. Pumzi ikiwa nzito, kichujio cha vumbi kimeziba, kibadilishe.

Kuhusu usafi, anza kwa kutoa vichujio, maana havioshwi kamwe. Osha sehemu nyingine kwa maji ya vuguvugu, ya nyuzi 40 hivi, na sabuni laini. Suuza, kisha kausha kivulini. Jua kali na ozoni hukata minyororo ya molekuli za mpira, nao hupasuka. Petroli, thina na asetoni hufanya kioo kipate nyufa na mpira uvimbe. Ihifadhi bila kuikunja, la sivyo mpira hushika umbo la mkunjo na siku ya kuvaa una mwanya tayari.

Mfano wa hesabu. Kanuni hizo za Marekani zinaelekeza kuua vijidudu kwa kuloweka barakoa dakika 2 katika maji yenye klorini sehemu 50 kwa milioni, yanayopatikana kwa kuweka takribani mililita 1 ya jiki katika lita 1 ya maji. Hakiki, ukichukulia jiki ina gramu 5 katika kila mililita 100.

Mililita 1 ya jiki ina gramu 5 ÷ 100 = gramu 0.05, sawa na miligramu 50.
Lita 1 ya maji ni kilo 1, sawa na miligramu 1,000,000.
Kwa hiyo ni miligramu 50 katika milioni moja. Imehakikiwa.

Usiongeze jiki kwa kudhani itasafisha zaidi, kwani huoksidisha mpira na kula vyuma. Na usiichanganye na asidi:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Gesi hiyo ya mwisho ni ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na kuyafanya majeshi yakimbilie kutengeneza barakoa.

Jipime. Mfanyakazi yuko ndani ya ghala lililofungwa, na jenereta ya petroli inanguruma humo humo. Barakoa yake imefaulu jaribio la kiganja, kichujio chake cha kahawia ni kipya, na hanusi chochote, lakini kichwa kinamuuma na miguu inalegea. Eleza kinachotokea, na utaje jambo la kwanza analopaswa kufanya. (Alama 4)