UFAFANUZI KUHUSU MASAFA NA SAA ZA SAFARI YA NDEGE BAINA YA UNGUJA NA LONDON

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaokusudia kusafiri nchi za nje wanakumbushwa kuwa saa zinazoandikwa katika tiketi ya ndege ni saa za kila mji wenyewe.

Masafa ya moja kwa moja angani baina ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Unguja, na ule wa Heathrow, London, ni takriban kilomita 7,400. Ndege kubwa ya abiria huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Hivyo safari isiyo na kituo huhitaji karibu saa tisa. Anayebadilisha ndege njiani huongeza masafa ya mzunguko na saa za kusubiri.

Zanzibar imetangulia London kwa saa tatu. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, kwa saa mbili. Katika kuhesabu muda wa safari kwa tiketi, tofauti hiyo huongezwa wakati wa kwenda na hupunguzwa wakati wa kurudi.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni tarehe. Katika tiketi, siku mpya huanza saa sita ya usiku. Safari ya 00:30 Jumanne ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne. Abiria hutakiwa kuwepo kiwanjani Jumatatu usiku. Atakayefika Jumanne usiku atakuta ndege imekwishaondoka tangu usiku uliotangulia.