Parachichi lina kontena la baridi, nyanya ina tenga

Ilula, mji mdogo ulioko mkoani Iringa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, unaishi kwa nyanya. Msimu ukikolea, matenga hupangwa kando ya barabara tangu alfajiri. Wafungashaji, wengi wao akina mama, huchagua nyanya zilizoanza tu kuiva na kuzipanga kwa mkono. Tenga likijaa hawaishii hapo. Huongeza safu nyingine juu ya ukingo, wakaizungushia nyasi na kuikaza kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei wanayokubaliana mkulima na dalali ni ya tenga moja, lakini kinachopanda lorini ni tenga na kilemba chake, na kilemba hicho mkulima halipwi.

Kisha lori linashuka mteremko wa Kitonga. Katika kila kona, nyanya za chini hubeba uzito wa zote zilizo juu yake, na safari hiyo ina zaidi ya kilomita 400 chini ya turubai mpaka soko la Ilala, Dar es Salaam. Matenga yakishushwa, mengine huwa yanachuruzika maji mekundu. Zilizopasuka huuzwa kwa bei ya kutupa. Zilizooza huishia jalalani. Wataalamu hukadiria kwamba katika nchi nyingi za Afrika, theluthi moja hadi nusu ya matunda na mboga hupotea kabla ya kumfikia mlaji.

Si kwamba Watanzania hawajui kilimo hiki. Tengeru, nje kidogo ya Arusha, watafiti walitoa mbegu za Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997, na wakulima wakazipenda kwa sababu nyanya zake ni ngumu na hazioneshi uchovu wa safari upesi. Kituo cha Dunia cha Mboga kimekuwa na ofisi yake Arusha tangu miaka ya 1990, kikihifadhi pia mbegu za mnavu, mchicha na nyanya chungu ambazo kampuni kubwa hazikuzijali kwa miaka mingi. Mwaka 2014 alipoingia kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, mashamba yalikaushwa kana kwamba yamechomwa moto. Wakulima walipiga dawa mpaka wakachoka, baadhi wakiacha kabisa. Wengi walirudi, wakajifunza mitego na kubadilisha mazao. Shambani, mapambano hayo yanaendelea na yana watu wake.

Tatizo kubwa zaidi liko baada ya shamba.

Ushahidi wake uko Njombe, katika nyanda zilezile za juu kusini. Huko mfalme ni parachichi aina ya Hass. Tunda hukatwa na kikonyo chake kwa mkasi, halitikiswi mtini likaanguka. Linawekwa kwenye kreti ya plastiki, linafikishwa nyumba ya kufungashia, linaoshwa, linapangwa kwa ukubwa, linapoozwa na kuingizwa kwenye kontena la baridi. Linakaa baharini kwa wiki kadhaa na kufika Ulaya likiwa bado gumu. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, milango ya China nayo ilifunguliwa kwa parachichi. Tunda moja linavuka bahari salama. Jirani yake, nyanya, inapasuka kabla ya kufika Ilala.

Tofauti imeletwa na mnunuzi. Wa nje huandika masharti: ukubwa, joto, mabaki ya dawa. Shehena isiyotimiza inakataliwa, kwa hiyo kila mtu kwenye mnyororo ananyooka. Mama wa Tandale, Dar es Salaam, anayenunua fungu la nyanya hana pa kukataa. Hasara ya tenga lililopondeka humfuata kwenye bei ya fungu, kama ilivyomtangulia mkulima kwenye bei ya shamba. Ni dhuluma iliyozoeleka, na kuzoeleka hakuifanyi kuwa ndogo.

Sheria ipo. Mazao hayaruhusiwi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo imekuwa ikipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Lakini lori likikamatwa njiani, mkulima tayari ameshapunjwa na nyanya zimeshapondeka. Mizani inapaswa kuwa pale mzigo unaponunuliwa, kwenye kituo cha kukusanyia mazao kijijini, na bei itajwe kwa kilo.

Kreti za plastiki nazo zinapatikana. Zinapangwa moja juu ya nyingine, uzito unabebwa na kuta zake, na tunda halibanwi. Kikwazo chake ni cha kawaida kabisa: tenga huachwa sokoni likafa huko, wakati kreti ni mali na lazima irudi Ilula. Nani alipe nauli ya kreti tupu, na nani awajibike zikipotea Ilala? Ushirika wa wakulima unaweza kuzimiliki na kumtoza dalali amana, anarudishiwa fedha anaporudisha kreti, kama wauza soda wanavyofanya na chupa zao. Malori mengi yanarudi Iringa na bidhaa za madukani. Nafasi ya kreti juu ya mzigo huo inaweza kununuliwa.