Mtoto hachanganywi na lugha tatu, tunamchanganya sisi

Wadau, kuna jirani yangu mmoja, Mpare mwenzangu, alinishangaza kweli. Mama yake mzazi alikuja kutoka Same kumwona mjukuu, hata begi hajaweka chini akaambiwa: "Mama, naomba usimsemeshe mtoto Kipare, atachanganyikiwa. Na Kiswahili pia punguza." Mtoto ana miaka minne, anasoma shule ya ung'eng'e. Basi bibi na mjukuu wakakaa wiki mbili wanatazamana kama mabubu.

Jirani simlaumu sana. Anajua kazi nzuri za mjini usaili wake ni Kiingereza. Ila hili la "kuchanganyikiwa" tuliangalie vizuri, maana nalisikia hata kwa watu waliosoma. Wanadhani kichwa cha mtoto ni ndoo, ukijaza Kipare basi Kiingereza kitamwagika.

Si hivyo. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120 na watu wanaozungumza mbili au tatu wamejaa kila kijiji. Mtoto akisema "bibi nipe water", hajachanganyikiwa, amechukua neno lililokuwa karibu. Mchunguze utaona anajua fika nani wa kuongea naye nini. Mimi na wewe tunafanya hivyo hivyo kila siku kwenye daladala.

Mwaka 1979 mtaalamu wa Canada, Jim Cummins, aliandika jambo ambalo kila mzazi angepaswa kulijua: kile unachojifunza kwa lugha moja hakibaki ndani ya lugha ile. Chukua saa ya ukutani. Mtoto akishajua kuisoma kwa Kiswahili, siku akikutana na Kiingereza hajifunzi saa upya, anajifunza tu kwamba saa mbili asubuhi wenzetu wanaiita nane. Kusoma ni vile vile. Aliyeanza na ba-be-bi-bo-bu ameshaelewa siri yenyewe, kwamba alama hizi ni sauti. Kinachobaki ni kuzoea ujanja wa Kiingereza, ambacho huandika kitu kimoja na kutamka kingine (jaribu kumweleza mtoto "though" na "tough"!). Lakini asiyeshika misingi hiyo kwa lugha anayoielewa, anabebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja, kujua jambo na kujua lugha ya hilo jambo.

Kuna la pili, na hili ndilo linaloumiza. Cummins aliangalia watoto wa wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza Canada. Kiingereza cha kucheza na kupiga soga walikipata ndani ya miaka miwili hivi. Kiingereza cha darasani, cha kueleza sababu, kubishana na kuandika insha, kiliwachukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzao. Na hao walikuwa wanakisikia kutwa nzima, barabarani, dukani, kwenye TV.

Sasa rudi kwetu. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo tu. Ukiingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka. Kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne. Hesabu mwenyewe.

Nakumbuka mimi. Darasa la saba nilikuwa nanyoosha kidole mpaka mwalimu anachoka. Usanisinuru naijua kama jina langu, jani linapikaje chakula kwa mwanga wa jua, nakueleza mwanzo mpaka mwisho. Kidato cha kwanza mwalimu akaandika ubaoni "photosynthesis" na nikakaa kimya. Kumbe ni kitu kile kile! Nilikuja kugundua karibu na likizo. Na ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kipande cha mti shingoni. Mwalimu mwenyewe akibanwa na swali gumu, anafunga mlango na kueleza kwa Kiswahili. Hapo ndipo tulipokuwa tunaelewa.

Watakaosema bila hivyo Kiingereza kitakufa waangalie Nigeria. Kule Ife mwaka 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianzisha mradi wa kufundisha watoto masomo yote kwa Kiyoruba miaka sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalum. Watoto wale hawakuachwa nyuma kwenye Kiingereza, na masomo mengine wakafanya vizuri zaidi ya waliogeuziwa lugha mapema.

Hapa nyumbani Martha Qorro, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amelisema hili miaka mingi: kufundisha Kiingereza ni kitu kimoja, kufundishia kwa Kiingereza ni kingine. Sisi tumevichanganya tukadhani cha pili kitatuletea cha kwanza. Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote huku Kiingereza nacho kikiendelea. Sekondari zetu bado ni Kiingereza. Ukitaka mtoto ajue Kiingereza, na ni haki yake, mtafutie mwalimu anayekijua na vitabu vya hadithi avimalize. Kumnyima bibi yake hakumwongezei neno hata moja.

Yule bibi amesharudi Same. Juzi alipiga simu, mtoto akapewa aongee. Akasema "hello", akarudisha simu kwa mama yake.

Haya wadau, nawasikiliza. Wewe kidato cha kwanza ulikaa kimya muda gani kabla ya kunyoosha kidole?