Mgeni wa Siku ya Tatu

Mara kwa mara tunamwona balozi wa nchi rafiki akikabidhi mashine katika hospitali zetu. Ngoma hulia, hotuba husomwa, na wananchi hushangilia. Wana haki. Mkulima wa alizeti wa Ihanja, wilayani Ikungi, aliyepata kumsafirisha mkewe usiku akiwa na uchungu wa kuzaa, hahitaji kufundishwa thamani ya kifaa cha kumtazamia mtoto tumboni.

Sisi hatudharau msaada. Madaktari wa China walianza kuja Unguja mwaka 1964, na Bara mwaka 1968. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa nchi hiyo. Leo wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India wanapasuliwa Dar es Salaam. Lakini tusijidanganye: hawaponywi na jengo. Wanaponywa na madaktari, wauguzi na mafundi wa Kitanzania waliofunzwa kazi hiyo.

Penye mashine bila watu, mambo ni mengine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, lilieleza kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vya msaada vinavyofikia kufanya kazi. Hapana uchawi katika jambo hili. Mashine iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 tu, au wa Japani wa volti 100, itaungua ikichomekwa katika volti 230 zetu. Nyingine maelezo yake yameandikwa kwa lugha asiyoijua muuguzi. Nyingine hukatika kipande kidogo tu, nacho hakiuzwi nchini.

Kwa hiyo, mkono unaopokea hauna budi kuwa na mdomo unaouliza. Je, kifaa hiki tulikiomba? Chatumia umeme gani? Vipuri vitanunuliwa wapi, na kwa fungu lipi? Nani atafunzwa kukitumia na kukitengeneza? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Rafiki wa kweli hufurahi zawadi yake ikitumika.

Tunao vijana wanaosomea ufundi wa vifaa tiba katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Waajiriwe, wafike hata wilayani. Na fungu la matengenezo litengwe kabla mashine haijaharibika.

Nanyi wanachama, katika vikao vyenu vya kata msiulize tu tumepewa nini. Ulizeni kama kinafanya kazi. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mashine ya msaada nayo ni mgeni. Ngoma ya kuipokea ikiisha, twende wodini tukaone kama imeshika jembe.