Mtendwa na Mtendewa: Nafasi Moja ndani ya Kitenzi

Mwalimu afundishaye Kibondo au Kasulu si ajabu akutane na neno hili katika daftari la mwanafunzi: "Nilikimpa." Mwanafunzi amekusudia kusema kwamba alimpa mtu kitabu. Kosa hilo si la uzembe. Kiha, kama jirani yake Kirundi, huruhusu mtendwa na mtendewa wakae pamoja ndani ya kitenzi. Mrundi husema narakimuhaye, ambamo -ki- ni kitabu na -mu- ni mtu. Kihispania nacho huviweka viwakilishi viwili sambamba, japo kwa maneno yaliyoachana: se lo di, se ikiwa mtu na lo kitu.

Kiswahili Sanifu kina nafasi moja tu, nayo ni ya mtendewa. Husemwa "nilimpa kitabu". Na kitabu kikiwa kimekwisha kutajwa, "nilimpa" yatosha. Asemaye "nilikipa" amekigeuza kitabu kuwa mpokeaji, kama katika "nilikipa kitabu jina". Mfasiri basi asihangaike kutafuta kiambishi cha pili.

Taabu iliyo kubwa zaidi imo katika kauli ya kutendea. Tuchukue maandishi ya jalada: "Karani amemwandikia mzee barua." Je, barua imekwenda kwa mzee, au karani ameandika kwa niaba ya mzee asiyejua kuandika? Sarufi yakubali yote mawili. Afisa asomaye kwa maana ya kwanza atadhani mzee amekwisha kujibiwa, kumbe angali akingoja jibu la ombi lake la shamba. (Kihispania hakina haki ya kutucheka: le compré un caballo yaweza kuwa "nilimnunulia farasi" au "nilinunua farasi kutoka kwake".)

Istilahi zetu hazituokoi hapa. Vitabu vingine vya sarufi husema "yambwa tendewa", vingine "kitondo", na kila moja huwakusanya mpokeaji na mfadhiliwa katika kapu moja. Kwa maoni yetu, darasani si vibaya. Katika barua za serikali, hata hivyo, heri kuacha ufupi wa kitenzi na kuandika ama "ameandika barua kwenda kwa mzee", ama "ameandika barua kwa niaba ya mzee".