Kapita habebi mfuko: kuendesha moteri ya roboti ku Munigi

Ku Munigi, kijana mwenye kutaka kujifunza roboti anaweza kuanza na makuta kidogo. Moteri ndogo anaitoa ndani ya redio ya kaseti iliyokufa, ao ndani ya kichezeo cha mtoto. Kinachobaki ni kununua batri na kadi ya mikrokontroleri, kama vile Arduino, iliyozaliwa Italia mwaka 2005. Kisha anafunga moteri moja kwa moja ku pini ya kadi. Hapo njo kadi inaungua, na makuta ya mama inapotea.

Sisi watu wa machimbo tunaelewa sababu bila kufika iniversite. Ku shimo kuko kapita na kuko wabebaji. Kapita anasema: beba, simama, rudi. Lakini yeye habebi mfuko. Mikrokontroleri njo kapita. Pini moja ya Arduino Uno inatoa vizuri miliampere 20. Ikifika 40 iko ku mwisho. Moteri ndogo inaweza kuomba mara kumi ya ile, na gurudumu likikwama ku majiwe ya Nyiragongo, inaomba zaidi. Ndiyo maana wanapachika kadi ya pili juu ya ile ya kwanza: kadi ya moteri, yenye kubeba.

Ndani yake kuko chipu sawa L293D ao L298. Ni daraja la umbo la H: swichi ine, moteri katikati. Swichi mbili za pembe kwa pembe zikipitisha umeme, moteri inaenda mbele; zile zingine mbili zikipitisha, inarudi nyuma. Mwendo unaongozwa na programu kwa namba 0 mpaka 255: umeme unakatwa na kurudishwa mbio mbio.

Mbele ya kununua, uliza mambo matatu. Moteri inakula ampere ngapi ikikwama? L293D inabeba miliampere 600 kila upande. L298 inafika ampere 2, lakini yenyewe inakula karibu volti 2, na inapata moto. Moteri iko na batri yake? Ikianza, volti inashuka na kapita anasinzia. Ila waya hasi za batri zote mbili lazima ziungane. Kuko dayodi? Moteri ikikatwa inarudisha umeme wenye kuua chipu. L293D inazo ndani. L298 inazitaka inje.

Mutauliza: hii inahusu sendika namna gani? Kinshasa, tangu 2013, roboti za injinia Thérèse Izay zilisimama ku njia panda kuongoza magari, kwa umeme wa jua. Zilitengenezwa kwetu Kongo. Basi kigari kidogo chenye taa na kamera kinaweza kuingia ku shimo mbele ya mtu, kuangalia kama ukuta umepasuka. Hakitaondoa kazi ya mchimbaji; kitamuongezea siku za kuishi.

Koltani ya Rubaya inatumika ku kondensateri, kasiterite ya Bisie inatoa bati ya kuunganisha waya. Vinatoka huku ku mugongo wa watu, vinarudi ndani ya sanduku kwa bei kali. Kwa hiyo tunaomba makoperative na wenye kununua madini: kila masomo ya ufundi ya huku ipate meza moja, kadi kumi za moteri, na batri. Na wazazi, mtoto akifungua redio iliyokufa, musimupige. Mumutafutie turnevisi.